Nani Alipie Shimo Tupu? Historia ya Stima ya Mvuke Olkaria

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata nizungumzie kitu ambacho bila hicho hata tarakilishi hii ninayoandikia ni bati tu: stima.

Mwaka 2000 nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja kidogo cha tarakilishi jijini Nairobi. Mvua ilikuwa imekataa, mabwawa ya Mto Tana yamekauka, na nchi nzima iko kwenye mgao. Chuo kilituahidi jenereta tulipolipa karo. Jenereta yenyewe hatukuiona hadi tukamaliza. Nakumbuka mradi wangu wa mwisho, programu ya kuweka hesabu za duka, niliokuwa nimeuandika kwa Visual Basic tangu asubuhi bila kuuhifadhi hata mara moja. Saa nane mchana, kwaheri. Skrini ikawa nyeusi, vyumba vyote vikanyamaza, na mtu mmoja nyuma akacheka kile kicheko cha mtu ambaye angependa kulia. Tangu siku hiyo mkono wangu wa kushoto hubonyeza Ctrl+S wenyewe, hata nikiandika barua pepe.

Stima bado hupotea Kenya, msinielewe vibaya. Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, mpaka uwanja wa ndege. Lakini hiyo ni hitilafu ya nyaya na mitambo. Ule mgao wa miezi kwa miezi, wa kupangiwa siku na saa kwa sababu tu mvua haikunyesha, haujarudi kwa namna ile. Ukame umekuja mara kadhaa tangu wakati huo, tena mkali. Nilitaka kujua nini kilibadilika, na jibu kubwa liko Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ndani na kando ya Mbuga ya Hell's Gate. Nilidhani nitasoma habari za uhandisi. Nilichokuta zaidi ni habari za sera, sheria, na hoja moja iliyowasumbua watu kwa zaidi ya nusu karne: ukichimba na usipate kitu, nani alipe?

Kwanza jinsi inavyofanya kazi, kwa ufupi. Katika Bonde la Ufa ganda la dunia ni jembamba na mawe ya moto yako karibu. Maji ya mvua hupenya chini, hupashwa joto na kunaswa kati ya mawe kwa shinikizo kubwa. Ukichimba kisima cha kilomita mbili au tatu na ukilenga vizuri, mchanganyiko wa maji na mvuke hupanda wenyewe kwa nguvu. Unatenganisha mvuke na maji, mvuke unazungusha tabo, tabo inazungusha jenereta, na maji unayarudisha ardhini. Hakuna makaa, hakuna dizeli, na mvuke haujali kama mvua imenyesha au la.

Ugumu ni hilo neno "ukilenga". Huwezi kuona kilomita mbili chini ya ardhi. Wanajiolojia hupima mvutano, sumaku, upitishaji wa umeme wa mawe, kemia ya gesi zinazotoka nyufani, halafu wanasema: tunadhani ni hapa. Kisima kimoja hugharimu dola milioni kadhaa. Sisi waandishi wa programu tumedekezwa sana: wazo likishindwa tunafuta faili na kwenda kunywa chai. Kisima kikitoka kikavu hukifuti. Deni linabaki, na riba yake.

Kazi ilianza mwaka 1956, enzi za ukoloni. Visima viwili vilichimbwa Olkaria kabla ya mwongo huo kwisha, X-1 na X-2. Joto lilikuwepo, lakini havikuweza kutoa mvuke wa kudumu. Basi mradi ukalala. Si ajabu. Kenya ilikuwa imepata njia rahisi zaidi: Uganda ilikuwa na bwawa la Owen Falls pale Jinja, na mwaka 1954 iliundwa Kenya Power Company, kampuni ambayo kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuleta stima ya Uganda kupitia laini ya Tororo hadi Juja. Nani angeendelea kutoboa mawe na jirani anakuuzia megawati 30 zilizo tayari?

Nifungue mabano hapa kwa wasomaji wa Lubumbashi na Katanga yote, kwa sababu sisi Wakenya hupenda kujisifu kwamba tulikuwa wa kwanza Afrika. Hatukuwa. Mwaka 1952 kulikuwa na mtambo mdogo pale Kiabukwa, Katanga, uliotumia maji ya chemchemi yenye nyuzijoto 91 kuzalisha takriban kilowati 200 kwa ajili ya mgodi. Haukuishi miaka mingi. Lakini ulitangulia, na haki ya mtu apewe. Kenya ilikuwa ya kwanza Afrika kwa kituo kikubwa kinacholisha gridi ya taifa, basi.

Tuendelee. Mapema miaka ya 1970 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, liliingia na pesa za utafiti pamoja na serikali ya Kenya. Bonde lilipimwa kuanzia Bogoria hadi Olkaria, Olkaria ikachaguliwa, na kati ya 1973 na 1976 visima sita virefu vikachimbwa. Safari hii mvuke ulikuja. Tazameni nani aliyebeba hatari: hakuna benki ya biashara iliyokopesha mtu kwenda kubahatisha kule. Hatari ilibebwa na pesa za umma, za Umoja wa Mataifa na za mlipa ushuru wa Kenya. Benki ya Dunia ilikuja na mikopo ya kujenga kituo baada ya mvuke kuonekana kwa macho. Mfumo huu utajirudia katika historia hii yote, kwa hivyo uwekeni akilini.

Wakati nao ulisaidia. Bei ya mafuta ilipanda vibaya mwaka 1973 na tena 1979, na Kenya ilikuwa inaagiza kila tone. Uganda ya Idi Amin haikuwa tena jirani wa kutegemewa: mwaka 1976 alidai hadharani kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni yake. Sijaona waraka wa serikali unaosema "tuchimbe Olkaria kwa sababu ya Amin", lakini nikijiweka katika kiti cha waziri wa wakati ule, laini ya Tororo ingeninyima usingizi.

Kitengo cha kwanza cha Olkaria I, megawati 15, kiliwashwa mwaka 1981. Cha pili kikafuata 1982, cha tatu 1985. Jumla megawati 45. Leo ni namba ndogo, lakini mitambo ile ilihudumu kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha Sheria ya Raslimali za Mvuke. Kiini chake kilikuwa kifupi: mvuke wote ulio chini ya ardhi ya Kenya ni mali ya serikali, na anayetaka kuutumia aombe leseni. Mwenye shamba ana udongo, hana mvuke. Unaweza kulipenda hilo au kulichukia, lakini kwa mwekezaji lilijibu swali la kwanza ambalo mwanasheria wake angeuliza: huu mvuke tunanunua kwa nani? Sheria ile ilifutwa na Sheria ya Kawi ya 2019, lakini kanuni yenyewe ilibaki. Upande wake mchungu nitaufikia.

Miaka hiyohiyo ya 1980 Wakenya walianza kupelekwa Iceland, kwenye mafunzo ya kawi ya mvuke ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa yaliyokuwa yameanza mwaka 1979. Walienda wanajiolojia, wakemia na wahandisi wa visima, mwaka baada ya mwaka, hadi Kenya ikawa nchi iliyotoa wanafunzi wengi kuliko nyingine yoyote. Hili haliandikwi sana magazetini kwa sababu halina utepe wa kukata. Kwangu mimi ndilo jambo kubwa pengine kuliko pesa. Mitambo ya kuchimbia unaweza kukodi. Mtu anayeweza kutazama vipande vya mawe yaliyotoka mita 1,800 na kusema "hapa joto lilikuwa juu zamani, sasa limeshuka, sogeza kisima kinachofuata" humpati kwa zabuni.

Halafu tukakwama. Wachimbaji waliendelea na kazi upande wa kaskazini-mashariki, na kufikia mwaka 1993 visima vya kutosha kulisha kituo cha pili vilikuwa tayari. Mvuke upo, wataalamu wapo, kituo hakuna. Novemba 1991 wafadhili walikuwa wamefunga mfereji wa misaada kwa sababu ya ufisadi na siasa za chama kimoja, na serikali haikuwa na pesa zake. Visima vikakaa vimefungwa vali. Miaka ikapita. Olkaria II, megawati 70 za mwanzo, iliwashwa mwaka 2003.

Piga hesabu. Ukame ulioniulia programu yangu ulikuja katikati ya pengo hilo. Mwaka 2000 takriban thuluthi mbili ya uwezo wetu wa stima ulikuwa wa maji: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere na wenzake. Serikali ikakodi majenereta ya dharura ya dizeli kwa bei ya kuumiza, huku mvuke wa Olkaria ukiwa chini ya vali tangu nilipokuwa shule ya msingi. Sisemi megawati 70 zingemaliza mgao wote. Zingepunguza. Nilipolijua hili nilikasirika kwa njia mpya, maana siku zote nilikuwa nikilaumu mawingu.

Wakati huo serikali ilijaribu dawa iliyokuwa mtindo wa miaka ya 1990: iite sekta binafsi. Kampuni ya Ormat ilipewa Olkaria III mwaka 1998, na mwaka 2000 ikaanza na megawati 8. Imekua sana tangu hapo, na wamefanya kazi nzuri, sipingi. Ila visima vya mwanzo walivyotumia vilikuwa vimechimbwa na serikali. Umeona? Mtu binafsi alikuja baada ya mvuke kuonekana.

Iceland, walimu wetu, walikuwa wamelitambua jambo hili mapema. Mwaka 1967 walikuwa na mfuko wa taifa wa kawi uliokopesha manispaa na hata wakulima pesa za kuchimba. Kisima kikitoa maji moto, unalipa mkopo. Kikitoka kikavu, mkopo unaweza kugeuzwa ruzuku. Kwa lugha ya kwetu: mnachanga nyote kwa kushindwa kwa mmoja, ili mwingine asiogope kujaribu. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 walikuwa na chombo mkononi tayari, wakaitoa nchi kwenye kupasha nyumba joto kwa mafuta.

Kenya ilifika kwenye wazo linalofanana kwa njia ndefu. Waraka wa Bunge nambari 4 wa mwaka 2004 kuhusu kawi ulipendekeza kuundwa kwa kampuni maalum ya mvuke. Sheria ya Kawi ikaja 2006. Desemba 2008 ikasajiliwa Geothermal Development Company, GDC, mali ya serikali kwa asilimia 100. Kazi yake: kutafuta, kuchimba, kubeba hasara ya visima vikavu, kisha kuuza mvuke kwa kampuni zitakazojenga vituo. Yaani serikali ilisema wazi kile ilichokuwa ikifanya kimyakimya tangu 1973. Shimo tupu ni letu.

Upande wa pili KenGen, iliyozaliwa kutokana na ile Kenya Power Company baada ya mageuzi ya 1997, ilikwenda kwa wananchi. Mnakumbuka mwaka 2006? Serikali iliuza asilimia 30 ya hisa kwa shilingi 11.90 kila moja. Nilikuwa nimeajiriwa kazi yangu ya kwanza, na nilipanga foleni benki kuanzia alfajiri nyuma ya mama mboga mmoja na mbele ya mwalimu mstaafu. Mwalimu alitueleza sote, bila kuulizwa, tofauti ya hisa na Toto. Watu waliomba zaidi ya mara tatu ya hisa zilizokuwepo. Nilipata chache, salio nikarudishiwa. Mwaka 2009 KenGen ikauza hatifungani ya miundomsingi ya miaka kumi kwa riba ya asilimia 12.5, ilitafuta shilingi bilioni 15 na ikaishia kuchukua bilioni 25 kwa jinsi watu walivyoikimbilia. Kwa hiyo mtu akikuambia Olkaria ni mradi wa wazungu na mikopo yao, kuna ukweli, maana Benki ya Dunia, Wajapani wa JICA, Wajerumani wa KfW, Wafaransa na benki ya uwekezaji ya Ulaya wote wamo. Lakini yule mama mboga naye yumo.

Matunda yalionekana 2014. Olkaria IV, megawati 140, na upanuzi wa Olkaria I, megawati 140 nyingine, viliingia kwenye gridi ndani ya muda mfupi. Olkaria V ikafuata 2019, na kitengo cha sita cha Olkaria I mwaka 2022. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za mvuke, iko miongoni mwa nchi kumi za kwanza duniani, na sehemu kubwa ya stima tunayotumia hutoka huko. Ukitaka kujua maana yake usisome ripoti, chukua tu bili yako utafute mstari wa gharama ya mafuta. Mstari ule hunenepa kila majenereta ya dizeli yanapofanya kazi zaidi.

Sasa upande mchungu. Olkaria haikuwa ardhi tupu. Kupisha Olkaria IV, familia zipatazo 150 za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 hadi eneo linaloitwa RAPland. Walijengewa nyumba za mawe, shule na zahanati, na kwa karatasi ilikuwa hamisho la mfano. Wengi wao hawakuridhika. Walilalamika kuhusu korongo na miteremko isiyofaa kwa mifugo, barabara, umbali wa kazi, na hati za ardhi. Walipeleka malalamiko Benki ya Dunia na benki ya Ulaya, uchunguzi ukafanyika, benki ikakubali kwamba kuna mambo hayakwenda sawa, na upatanishi ukazaa makubaliano mwaka 2016. Hapa ndipo ile sheria ya 1982 inapouma. Ikiwa mvuke ni wa taifa zima, mwenye kuishi juu yake anapata nini zaidi ya fidia ya nyumba? Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mrabaha unaogawanywa kati ya serikali kuu, kaunti na jamii husika. Ilichukua miaka 37 kuandika hilo.

Na ule mpango wa GDC wa kubeba hatari? Umefaulu nusu, kwa maoni yangu. Katika kasoko ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru, GDC ilianza kuchimba Februari 2011 kwa mitambo yake iliyoibatiza jina Simba, na mwaka huohuo mvuke ukatoka. Mwaka 2013 kampuni tatu binafsi zikachaguliwa, kila moja ijenge megawati 35. Kituo cha kwanza kati ya hivyo kilianza kuzalisha mwaka 2023. Miaka kumi! Shimo halikuwa tupu safari hii. Kilichokwamisha ni makaratasi: wakopeshaji walitaka serikali iwahakikishie itakuwaje mnunuzi wa stima akishindwa kulipa au siasa zikiharibika, na serikali ikasita kuweka sahihi. Serikali iliondoa hatari ya chini ya ardhi, wawekezaji wakaikuta nyingine juu ya ardhi. Wakati huo wote GDC ilikuwa na mvuke usio na mnunuzi na mikopo yenye tarehe. Ni pengo la 1993 limerudi na shati jipya.

Lengo la awali lilikuwa megawati 5,000 za mvuke ifikapo 2030. Hatutafika, na sidhani kuna mhandisi aliyeamini tutafika. Lakini kuchimba hakujasimama. Kule Paka, Baringo kaskazini, GDC imepata mvuke. Watu wa KenGen wamekwenda kuchimba Ethiopia na Djibouti kwa malipo, na Tanzania nayo iliunda kampuni yake ya serikali, TGDC, mwaka 2013.

Kwa sisi wa tarakilishi kuna habari ya Mei 2024, Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilipotangaza mpango wa dola bilioni moja, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data Olkaria kitakachoendeshwa kwa mvuke. Mimi huhesabu vituo vya data vikishawaka taa. Ila mantiki yake naielewa vizuri, na inatokana na jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Usiku wa manane Kenya hutumia stima kidogo kuliko jioni, lakini kisima hakina swichi ya kulala. Kuna saa ambazo mvuke huachiliwa tu hewani kwa sababu hakuna wa kutumia stima yake. Mwishoni mwa 2017 serikali ilianzisha bei nafuu ya usiku, ikapewa viwanda na biashara kubwa. Mwaka 2023 magari ya umeme nayo yakapata yake. Nyumba zetu hazikuwekwa kwenye mpango ule wa 2017. Kwa hiyo programu zangu nzito bado nazipangia saa tisa usiku kwa mazoea tu, na hisa zangu za KenGen, zile chache za foleni, bado ninazo.